Shukrani kwa Waliotufaa Siku ya Misa ya Kwanza, Muyeye

Sisi wazazi, ndugu na jamaa wa padre mpya tunawashukuru nyote mliokuja kwetu Muyeye, Malindi, kwa Misa yake ya kwanza ya nyumbani, siku chache baada ya kupewa daraja ya upadre katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Antoni.

Shukrani kwa Baba Askofu, na kwa paroko wetu aliyeridhia Misa isomwe uani. Mahali pa Misa ni kanisani, hilo tunalijua, lakini bibi hatoki kitandani, na miaka yote alikuwa akiomba amwone mjukuu wake altareni. Basi tukambeba yeye na kitanda chake hadi chini ya mwembe.

Mwenye hema tuliyemlipa arubuni hakutokea (yake tumemwachia). Tukabaki sisi na upepo wa kusi. Mshumaa unawashwa, unazimika, unawashwa, unazimika, mpaka mama jirani akakimbilia kwake akaleta chemni mbili za taa, tukaivika mishumaa. Misale, kitabu cha sala za Misa, tuliibana kwa vibanio vya nguo. Padre alipolaza kiganja juu ya siborio, chombo cha mikate ya komunyo, tukadhani ndiyo taratibu. Kumbe alikuwa anazuia hostia zisipeperuke. Seminari, alituambia baadaye akicheka, hakufundishwa kusoma Misa na kusi.

Majirani zetu Waislamu, hatuna la kuwalipa. Mikeka yenu, sufuria zenu, na pilau mlikesha mkiipika. Adhana ya adhuhuri ilipolia katikati ya mahubiri, padre alinyamaza hadi ikaisha, kisha akaendelea pale alipoachia. (Mahubiri yenyewe yalikuwa marefu; ni mgeni kazini, tumsamehe.)

Jimbo letu Katoliki la Malindi, lililomegwa kutoka Mombasa na Garissa mwaka 2000, linafika hadi Lamu, na kweli Lamu walifika: boti hadi Mokowe, kisha basi, na bado wakatuimbia. Kwaya, katekista, watumishi wa altare, akina mama wa jumuiya ndogo ndogo, asanteni sana.

Baraka yake ya kwanza padre alimpa bibi. Aliinama, bibi akabusu viganja vyote viwili vilivyopakwa krisma, mafuta matakatifu ya daraja, halafu akamuuliza kama amekula.

Sufuria mbili kubwa na mkeka mmoja wa miyaa bado viko kwetu. Mwenyewe apite achukue, na chai atakunywa.