Barua kwa mawakili vijana wanaoipenda Suits

Wanangu,

Wajukuu zangu wawili wanasubiri kuapishwa uwakili, na jioni zote za mwezi huu wametazama Suits, ile tamthilia ya Marekani iliyorushwa tangu 2011 hadi 2019. Nimekaa nao. Wanamshangilia Mike Ross, kijana mwenye kumbukumbu ya ajabu ambaye hakusomea sheria, ila Harvey Specter anamwajiri kwenye kampuni ya mawakili jijini New York huku akijua fika kwamba hana shahada. Nawaelewa. Hata mimi nilijikuta nikimwombea asikamatwe.

Ila mkirudia kuitazama, watazameni waliomzunguka. Harvey alijua siku ya kwanza. Donna, katibu wake, alijua. Jessica Pearson, mkuu wa kampuni, aliambiwa, akambakiza. Louis Litt alipoing'amua siri aliigeuza mtaji: jina lake likapandishwa kwenye jina la kampuni. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumlinda au kitu cha kupata, na kila aliyenyamaza alimrahisishia mwenzake kunyamaza. Mwishowe Mike akakubali kifungo cha miaka miwili, mawakili wenzao wakahama, ofisi ikabaki tupu.

Mimi sikuwahi kumficha wakili bandia. Nilikuwa na miezi michache tu tangu niapishwe, mkubwa wangu akaniwekea mezani hati ya kiapo. Mteja yuko safarini, akasema, wewe gonga muhuri. Nikagonga. Nikatia sahihi kwamba ameapa mbele yangu mtu nisiyemjua hata kwa sura. Hakuna aliyegundua. Mara ya pili mkubwa hakuja mwenyewe, alimtuma karani, na karani hakunieleza chochote; aliiweka hati akasimama kungoja. Zaidi ya miaka thelathini imepita na bado namwona amesimama pale.

Wanangu, atakayewaomba hatakuwa adui. Atakuwa yule aliyewapokea mlipokuwa hamna hata nauli, aliyewafundisha kuandika hati ya madai, mnayemwita baba. Ndiyo maana ni vigumu. Mjibuni kwa heshima: "Mzee, nitamsubiri mteja arudi." Yasemeni maneno hayo kwa sauti mkiwa nyumbani, mdomo uyazoee, kwa sababu siku hiyo karani atakuwa amesimama anangoja.

Ni mimi mzee wenu,
Wakili mstaafu