Muhula mmoja wa Marjorie Margolies

Mhariri,

Mbunge wa Marekani aliyekaa muhula mmoja akang'olewa, magazeti yetu humwandika kwa neno moja tu: alishindwa. Naomba nafasi nimtetee mmoja wao, Marjorie Margolies, enzi zile akiitwa Margolies-Mezvinsky.

Alikuwa mwandishi wa habari wa televisheni. Mwaka 1992, wanawake wapya 24 walipoingia Baraza la Wawakilishi, yeye alisimama jimbo la 13 la Pennsylvania, kaunti ya Montgomery, kandokando ya Philadelphia. Ilikuwa ngome ya Republican. Chama chake cha Democratic hakikuwa kimeshinda pale tangu 1916. Alipita kwa kura 1,373. Kiti cha namna hiyo, ukikohoa umekipoteza.

Kwenye kampeni aliahidi kutopandisha kodi, na Mei 1993 aliikataa bajeti ya Bill Clinton. Agosti 5 muswada uliporudi, kura hazikutosha. Clinton akampigia simu. Akakubali kwa masharti: atasema ndiyo iwapo tu kura yake ndiyo inayoamua, na Rais aje kwenye mkutano jimboni kwake kujadili gharama za mafao kama pensheni na matibabu ya wazee. Usiku ule matokeo yakawa 218 kwa 216. Angeshikilia hapana, ingekuwa 217 kwa 217, na katika Baraza lile sare huua muswada. Warepublican wakamwimbia kwaheri, Marjorie, kwaheri, mle mle ukumbini.

Mkutano ulifanyika Desemba, Bryn Mawr, na Clinton akaja. Novemba 1994 Margolies akaangushwa na Jon Fox, yule yule ambaye yeye mwenyewe alikuwa amembwaga miaka miwili nyuma.

Sitaficha kwamba alivunja ahadi. Sheria ile ilipandisha kiwango cha juu cha kodi ya mapato hadi asilimia 39.6 na kuongeza senti 4.3 kwa kila galoni ya petroli. Mpiga kura aliyemnyima kura kwa sababu hiyo alikuwa na haki yake, na Margolies alijua hivyo alipokuwa akipiga kura.

Kinachoniuma ni chama chake. Wabunge 41 wa Democratic walisema hapana usiku ule, na miongoni mwao wamo waliokuwa na viti salama kuliko chake. Wenyeji wakajihifadhi, mzigo akatwishwa mgeni. Halafu historia inamwita yeye aliyeshindwa, na wao haiwataji kabisa!

Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilipata ziada ya bajeti, ya kwanza tangu 1969. Ukuaji wa uchumi ulichangia sana, sibishi, lakini sheria ile nayo ilichangia. Mwaka huo huo Margolies alianzisha Women's Campaign International, shirika la kuwaandaa wanawake wa nchi mbalimbali kuingia katika siasa. Mwaka 2014, akiwa na miaka 71, aligombea tena, akashindwa na Brendan Boyle katika kura za maoni za chama.

Siku mtakapomwandika, Mhariri, tafadhali msianzie Novemba 1994. Anzieni usiku ule wa Agosti, na wale 41 muwataje.

Msomaji wenu,
Morogoro