Wifi ana gari, mimi nina fimbo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niseme na Waswahili wenzangu tunaoishi Uingereza, na hasa na watoto wetu, maana wazee wenyewe nawajua: hawatapiga simu kuomba malipo ya ulemavu. Mimi sikupiga mapema, na ndiyo sababu naandika.

Nina miaka 66, naishi Leicester. Kazi yangu ilikuwa kea, kama tunavyoiita huku. Miaka 19 nimewainua wazee wa watu kitandani, nimewaogesha, nimewalisha, nimewabadilisha. Mgongo ulianza kulalamika zamani, magoti yakafuata. Daktari alinionyesha picha akasema gegedu zimesagika, hazirudi. Nikapunguza zamu, kisha nikaacha kazi.

Tangu hapo wifi yangu, dada wa mume wangu, kila tukionana wimbo wake ni mmoja: "Piga simu uombe PIP." Kwa wasiojua, PIP ni malipo ya serikali kwa mtu mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Hayaulizi una mshahara gani wala akiba kiasi gani. Yana mafungu mawili, moja la kujihudumia na kuishi siku hadi siku, jingine la kutembea na kutoka. Mimi nikawa namjibu kwamba si mlemavu, ni magoti tu. Mlemavu niliyemjua ni yule niliyekuwa namsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Na aibu ilikuwemo, sitaficha. Mtu aliyezoea kuhudumia wengine, kuandika kwenye fomu kwamba sasa naye anahudumiwa ni kazi.

Februari 2025 nikatimiza 66 na pensheni ya serikali ikaanza kuingia. Mei nikateleza bafuni. Sikuvunjika kitu, lakini nilikaa sakafuni dakika nyingi nikimsubiri mume wangu arudi dukani, na pale sakafuni nikakubali maneno ya wifi. Kesho yake nikapiga simu. Binti aliyepokea alikuwa mpole. Akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba aliyekwisha kufika umri wa pensheni hawezi kuanza kuomba PIP. Ningepiga siku yoyote ya Januari, hata ile siku niliyoshinda kitandani kwa maumivu na simu iko mkononi naangalia video za harusi, ombi langu lingepokelewa. "Naweza kukutumia fomu ya Attendance Allowance," akasema. Nikashukuru. Nilidhani ni kitu kilekile kimebadilishwa jina.

Sicho. Hii Attendance Allowance ndiyo posho ya waliopita umri wa pensheni. Kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa inalipa paundi 73.90 kwa wiki kwa anayehitaji msaada mchana au usiku, na 110.40 kwa anayeuhitaji mchana na usiku. Ni viwango vilevile vya fungu la kujihudumia la PIP, kwa hiyo ukitazama juujuu utaona hujapoteza kitu. Lakini fungu la kutembea halimo. Hata uwe huwezi kupiga hatua moja, halimo. Kwenye PIP, mwaka huohuo, kiwango cha chini cha fungu hilo kilikuwa paundi 29.20 kwa wiki, na cha juu 77.05, ambacho kwa mwaka kilipita paundi 4,000. Tena kiwango hicho cha juu ndicho kinachomwezesha mtu kukodi gari kwa mpango wa Motability.

Wifi analo. Ana miaka 68, mkubwa wangu kwa miaka miwili. Nyonga ilimwangusha akiwa bado yuko kazini, akaomba PIP mapema, akapewa mafungu yote mawili. Alipofika 66 alilala macho wiki nzima akidhani watamkatia. Hawakumkatia. Aliyeanza kupokea PIP kabla ya umri wa pensheni anaendelea nayo maadamu hali yake bado inastahili. Nampenda wifi yangu na simwonei kijicho, lakini tukitembea sokoni ni yeye anayesimama kunisubiri mimi.

Mume wangu ni mtu wa vipimo. Alichukua futi ya fundi akapima kutoka mlangoni petu. Kwa jirani, pale ninaposimama kwanza kupumua, ni mita 17. Nguzo ya pili ya taa ni mita 31. Kituo cha basi ni mita 140. Kanuni za PIP zenyewe zinahesabu kwa mita: anayetumia fimbo akavuka 20 lakini asipite 50 anapata alama 10, asiyeweza kuvuka 20 anapata 12, na 12 ndizo za kiwango cha juu. Mimi ningeangukia wapi sijui, na sitajua kamwe, kwa sababu siruhusiwi kupimwa. Kuna upenyo mdogo kwa aliyewahi kupata PIP ikakoma ndani ya mwaka uliopita. Mimi sikuwahi, basi.

Hoja ya serikali naijua: kutembea kwa shida ni sehemu ya uzee, na fungu lile ni la aliyepata ulemavu akiwa bado na umri wa kufanya kazi. Sawa. Lakini magoti yangu hayakusagika siku nilipotimiza 66. Yalisagika kwenye kazi, kwenye korido za nyumba za wazee, miaka ambayo nilikuwa nakatwa kodi na bima ya taifa kila mwezi. Sheria haiulizi uliumia lini, inauliza ulipiga simu lini. Hapo ndipo ninapoiona ina kasoro, na wabunge wa vyama vyote wameiacha hivyo miaka nenda rudi.

Fomu ya posho nayo ilinifunza kitu. Palipoulizwa kuhusu kuoga niliandika, "Naoga mwenyewe." Binti yangu akasoma, akaniuliza, "Sasa mama, baba huwa anakohoa nini nje ya mlango?" Ni kweli. Naoga nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na mume wangu anasimama koridoni muda wote, kila mara anakohoa ili nimjibu, ajue sijaanguka. Mimi nilikuwa sihesabu hilo kuwa msaada. Fomu inalihesabu. Wazee wetu ukiwauliza "Unaweza?" watajibu "Naweza, alhamdulillahi," na kwenye karatasi ile jibu hilo ndilo linalowanyima. Usitumie siku yako nzuri kujaza. Nilipewa kiwango cha chini, kuanzia siku niliyopiga simu kuomba fomu, na kwa hicho nashukuru. Kinalipa teksi ya kwenda kliniki. Mume wangu kwa kukohoa kwake hapati kitu, kwa kuwa pensheni yake inazidi posho ya mlezi, yaani malipo ya anayemhudumia mwenye ulemavu (paundi 83.30 kwa wiki mwaka ulioanza Aprili 2025), na huwezi kulipwa zote mbili.

Walio kwenye PIP tayari na wanakaribia umri huo wajue jambo moja. Ukishavuka, fungu la kutembea haliwezi kupanda. Kama uko kiwango cha chini, utazeeka nacho hata miguu ikifa kabisa. La kujihudumia ndilo linaloweza kuongezwa. Kwa hiyo hali ikibaya ukiwa na 65, usiseme nitasubiri mapitio yao. Pata ushauri kwanza, kwa sababu ukifungua faili wanaangalia yote, na linaweza kushuka pia.

Walio kwenye Universal Credit, malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa sababu ya ugonjwa, hiyo inakoma ukifika umri, isipokuwa kama mwenzi wako bado hajaufikia, na ile nyongeza ya wasioweza kufanya kazi inaondoka nayo. Kama pensheni yako ni ndogo, unahamia Pension Credit, malipo ya kuwajazia wastaafu wenye kipato kidogo, ambayo ina nyongeza yake ya ulemavu mkubwa, iliyokuwa paundi 82.90 kwa wiki mwaka ulioanza Aprili 2025. Ila hiyo ni kwa anayehesabiwa kuishi peke yake, tena asiwe na mtu anayelipwa posho ya mlezi kwa ajili yake. Nimeona mtoto ameomba posho ya mlezi kwa nia njema, mama yake akapoteza nyongeza. Ulizeni kabla.

Na wale wanaoniambia, "Uza kila kitu urudi nyumbani ukapumzike." Nimelifikiria sana. Pensheni ya serikali itanifuata hata Tanzania, ila haitapanda tena. Kiasi utakachoondoka nacho ndicho utakachokufa nacho. Hii posho yangu haitanifuata. Kwenda kutembea naruhusiwa wiki 13, au 26 kama nimekwenda kutibiwa. Kuhamia ni kuiacha. Na wenye viza iliyoandikwa kwamba hawaruhusiwi fedha za umma wasiguse fomu yoyote kati ya hizi bila mwanasheria, zitawaharibia makaratasi.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alizaliwa katikati ya Agosti 1960. Umri wa pensheni kwa sasa unapandishwa polepole kutoka 66 kwenda 67, na wa kwake ni miaka 66 na miezi mitano, yaani katikati ya Januari 2027. Ana kisukari, vidole viwili vya mguu wa kulia vimekatwa, anapanda ngazi kwa makalio. Nimempigia mara tatu. Mara ya kwanza alisema ana muda mwingi. Mara ya pili alisema yeye si ombaomba. Mara ya tatu akaniambia, "Shemeji, mimi si mlemavu, ni mguu tu."

Tarehe inayohesabiwa kwenye PIP ni ile unayopiga simu. Kwa hiyo Ijumaa nakwenda kwake, namba ya simu nimeiandika kwa herufi kubwa, nami nitakaa pale mpaka apige. Anaishi Coventry, na mimi ngazi za treni siziwezi. Wifi atanipeleka na gari lake.

Naomba jina langu msilitoe. Shemeji anasoma gazeti lenu.

Kea mstaafu,
Leicester, Uingereza