Barua ya wazi kwa wanafunzi wa kilimo mnaoandika tasnifu juu ya GMO

Wanangu,

Salaam. Tasnifu zenu nyingi zinakuja na kichwa kilekile: "Athari za mazao ya GMO kwa mkulima mdogo." GMO ni kiumbe kilichobadilishwa jeni kwa ufundi wa maabara, na kichwa hicho hakipimiki. Pamba iliyotiwa jeni ya kuua viwavi humpunguzia mkulima kupulizia sumu za wadudu. Soya iliyotiwa jeni ya kustahimili kiuagugu humruhusu kupulizia kiuagugu juu ya zao lenyewe bila kuliua. Zote mbili zinaitwa GMO, ilhali moja inapunguza bomba la kupulizia na nyingine inaliita shambani. Ukizitia kwenye kapu moja la "athari", majedwali yako yatagombana yenyewe kwa yenyewe. Taja zao, taja sifa iliyoongezwa, taja mahali, kisha taja unalinganisha na nini. Hapo pa mwisho ndipo kazi nyingi zinapofia, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Chukueni mahindi ya Bt. Jeni yake imetoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis. Mmea unatengeneza protini ya Cry. Kiwavi akila jani, protini hiyo inayeyuka katika utumbo wake wenye hali ya alkali, inanasa kwenye vipokezi vya ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiwavi anaacha kula, anakufa. Sasa mwanafunzi anapanda chotara ya Bt (chotara ni mbegu iliyopatikana kwa kuchanganya wazazi wa aina tofauti) kando ya mbegu ya mkulima iliyorudiwa misimu mitano, anapata mavuno maradufu, anaandika kwamba jeni imeongeza mavuno. Alichopima ni uchotara. Ulinganisho wa haki ni chotara ileile isiyotiwa jeni, pacha wake, iliyopandwa siku ileile kwa mbolea ileile. Ongeza kundi la tatu, pacha huyo akipuliziwa kiuatilifu kwa ratiba ya wakulima wa eneo hilo, na la nne, mbegu ya mkulima kwa utunzaji wake wa kawaida. Ukiwa na makundi hayo manne utaweza kusema kipi kimeletwa na jeni, kipi na uchotara pamoja na utunzaji, kipi na dawa. Ukiwa na mawili ya kwanza tu, sema habari ya jeni ukomee hapo.

Kumbukeni pia kwamba Bt haiongezi punje kwenye gunzi. Inaokoa zile ambazo funza angezila. Msimu usio na wadudu, pacha na Bt watalingana, na hilo si kushindwa kwa jaribio mradi umepima wadudu wenyewe. Weka alama mimea 10 ya mistari ya kati kwa kila kitalu, yaani kila kipande cha jaribio. Kwa viwavijeshi vamizi tumia kipimo cha Davis cha uharibifu wa majani, 0 hadi 9, na ukumbuke kwamba mahindi yenye Cry1Ab, mojawapo ya protini za Cry, peke yake hayawazuii kikamilifu. Kwa funza wa mabua, siku ya kuvuna pasua bua kwa kisu, pima kwa sentimita njia alizochimba, hesabu na matundu ya kutokea. Andika ni funza yupi: Chilo partellus hupatikana zaidi pwani na nchi tambarare, Busseola fusca nyanda za juu. Hawauawi kwa kiwango kimoja na protini ileile.

Vitalu viwe vya mistari minne, urefu mita 5, nafasi sentimita 75 kwa 25, mmea mmoja kila shimo. Panda mbegu mbili, ng'oa moja baada ya wiki mbili au tatu. Marudio yasipungue manne, na ndani ya kila bloku, yaani seti moja kamili ya makundi yote, vitalu vipangwe kwa kura. Bloku zikatize mteremko wa rutuba, zisiufuate. Vuna mistari miwili ya kati tu. Ya pembeni inapata mwanga na chakula cha ziada, na ndiyo inayoshambuliwa kwanza. Eneo la kuvuna linakuwa 2 × 0.75 × 5, yaani mita za mraba 7.5.

Kosa linalofuata ni la maji. Tuseme umepata kilo 6 za punje zenye unyevu wa asilimia 22. Ukizidisha moja kwa moja utaandika kilo 8,000 kwa hekta. Lakini ghala linataka asilimia 13.5. Kwa hiyo 6 × 78 ÷ 86.5 ni kilo 5.41, na kwa hekta ni kilo 7,214 hivi. Kilo karibu 800 zilikuwa maji. Ikiwa Bt ilibaki mbichi zaidi siku ya kuvuna kwa sababu bua halikutobolewa, kosa hili litaipendelea bila wewe kujua. Pima unyevu kwa kila kitalu, si mara moja kwa shamba zima.

Halafu kuna chavua. Vitalu vya Bt na vya pacha vikikaa jirani, punje za pacha zitachavushwa na Bt, na kiwavi anayekula gunzi atakutana na sumu mahali ambapo daftari lako linasema hakuna. Uharibifu wa majani na bua hautaguswa na hilo. Wa gunzi utaguswa. Ama tenganisha vitalu, ama usitoe hukumu juu ya gunzi.

Kuhusu afya ya walaji, someni kwa makini utafiti wa Séralini na wenzake wa Septemba 2012, uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe, kwa kuwa miezi miwili baadaye Kenya ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Panya walikuwa 200, lakini kila kundi lilikuwa na 10 tu wa jinsia moja. Aina yao, Sprague-Dawley, hupata uvimbe kwa wingi wakiishi hadi miaka miwili hata kwa chakula cha kawaida, na jaribio lilidumu miaka miwili. Kwa panya 10 huwezi kutenganisha uvimbe wa chakula na uvimbe wa uzee. Jarida lililouchapisha liliondoa makala hiyo Novemba 2013, na mwaka 2014 ikachapishwa tena katika jarida lingine. Mjue pia kwamba mahindi hayo, NK603, ni ya kustahimili kiuagugu wala si ya Bt, na baadhi ya makundi yalipewa kiuagugu chenyewe kwenye maji. Anayetumia kazi hiyo kuhukumu pamba ya Bt amepotea njia mara mbili. Na anayesema kwa kuwa iliondolewa basi GMO zote ni salama, naye karuka hatua: kila sifa hupimwa peke yake. Mahindi ya StarLink yenye Cry9C yaliruhusiwa Marekani kwa mifugo tu, kwa hofu ya mzio, na mwaka 2000 yakakutwa kwenye vyakula vya watu.

Hasara iliyothibitika shambani imetoka kwingine, na naona hamuigusi. Afrika Kusini imelima mahindi ya Bt tangu 1998. Wakulima walitakiwa kuacha kimbilio la mahindi yasiyo ya Bt: asilimia 20 wakitaka kulipulizia, au 5 wasipolipulizia, ili wadudu wasio sugu waendelee kuzaliana na kuoana na wachache walio sugu. Wengi hawakutii. Zaidi ya hayo, kipimo cha protini hakikutosha kuwaua Busseola fusca waliorithi usugu kutoka upande mmoja tu wa wazazi. Kufikia 2007 taarifa ya funza sugu ilikuwa imechapishwa. Sasa mkulima wetu wa ekari moja, atatenga wapi asilimia 20, na nani atamkagua? Burkina Faso nayo ililima pamba ya Bt kuanzia 2008, ikaiacha kuanzia 2016 kwa sababu nyuzi zilifupika na bei ikashuka. Viwavi walikufa vizuri tu. Soko halikuwa na habari nao. Haya ni maswali ya utafiti kuliko lile la magunia mangapi.

Ruhusa zitafuteni kabla ya mbegu. Kenya ina sheria ya usalama wa kibayolojia ya 2009 na mamlaka yake. Pamba ya Bt iliidhinishwa Desemba 2019, na uamuzi wa baraza la mawaziri wa Oktoba 2022 wa kuondoa marufuku ukapelekwa mahakamani. Tanzania ilikuwa na jaribio la mahindi ya GMO Makutupora, Dodoma, tangu 2016. Mwaka 2018 serikali ikaagiza yateketezwe, na Januari 2021 majaribio yakafungwa. Mwanafunzi wa Tanzania asithubutu kuvusha mbegu mfukoni. Utaiponza kamati ya chuo chako na kila atakayekufuata.

Hilo lisikukatishe tamaa, maana swali la chavua inakwenda umbali gani halihitaji GMO hata kidogo. Panda mahindi ya njano katikati, meupe kuzunguka. Rangi ya njano hutawala, na huonekana kwenye punje msimu uleule chavua inapotua. Panda ya njano kwa awamu tatu, siku 5 hadi 7 kati ya awamu, ili mbelewele zake zitoe chavua wakati nywele za meupe zimetoka. Chagua mbegu nyeupe kwa mkono kabla ya kupanda, utupe yoyote yenye umanjano. Kagua majirani: kijiji kikiwa na njano mahali pengine, jaribio limeharibika. Vuna magunzi 30 au zaidi kwa kila umbali, mita 1, 5, 10, 25, 50, 100 na 200, pande zote nne, ukiandika upepo wakati wa maua. Hesabu zenyewe: ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kunasa mchanganyiko wa asilimia 1 unahitaji punje 299, wa asilimia 0.1, punje 2,995. Ukihesabu 3,000 bila kuona ya njano, andika "chini ya asilimia 0.1". Usiandike sifuri.

Wanaokwenda na hojaji, nina jambo moja. Watu wengi huita GMO kila kitu kikubwa au cha haraka: kuku wa nyama, tikiti lisilo na mbegu, chotara ya dukani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotiwa jeni. Ukiuliza "Je, umewahi kutumia GMO?" utakusanya maoni juu ya kuku. Mwulize kwanza ataje mfano, uandike neno kwa neno, ndipo uulize maoni. Na ile idadi ya wahojiwa 384 mnayonakili kutoka tasnifu hadi tasnifu ni ya watu waliochaguliwa mmoja mmoja kwa kura. Ukiwachukua 32 katika kila kijiji, kwa vijiji 12, wanakijiji husikia redio moja na bwana shamba mmoja. Hata kufanana kwa majibu yao ndani ya kijiji (uwiano wa ndani ya kundi, ambapo 1 ni kufanana kabisa) kukiwa 0.05 tu, hao 384 wanabaki na uzito wa watu 150 hivi. Ongeza vijiji, punguza watu kwa kijiji.

Mbegu ya njano haipatikani kila duka la pembejeo. Anayetaka jaribio la chavua aanze kuiulizia miezi miwili kabla ya mvua, na aijaribu uotaji kwa punje 100 kwenye kitambaa kibichi kabla hajamlipa mtu kulima.

Wasalaam,
Mzee wenu wa vitaluni