Tisheti za mbio za moyo na koo la mtoto

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni.

Kila ikikaribia Septemba 29, Siku ya Moyo Duniani, tunaambiwa yaleyale, punguza chumvi, acha sigara, fanya mazoezi, pima presha. Sipingi, presha yenyewe ninayo. Ila mtoto wa dada yangu ana miaka 11, sigara hajawahi kuigusa, kitambi hana, na valvu ya moyo wake, ule mlango wa kupitisha damu, inavuja. Yeye kampeni zetu zimemwambia nini?

Ilianza na koo. Mafindofindo yamevimba, hata mate anameza kwa shida, bibi yake akasema huyo ana kimeo, akapelekwa kwa fundi kikakatwa kweli. Baada ya wiki kama tatu goti likavimba, halijakaa sawa uvimbe umehamia kwenye kifundo cha mguu, sisi tunasema dogo anarefuka huyo. Tumekuja kushtuka anashindwa kupanda kale kamlima ka kwenda shule, kila nyumba mbili anasimama kuhema, na usiku analala amekaa. Alipopigwa ultrasaundi ya moyo ndo tukaambiwa ni homa ya baridi yabisi, kwamba kuna bakteria wa koo wanaitwa streptokoki, mwili ukipambana nao unachanganya mafaili unashambulia mpaka valvu zake wenyewe.

Sasa kinachoniuma ni kwamba dawa ni penisilini, ileile ya siku zote. Najua si kila koo linaitaka, mengi ni virusi tu yanaisha yenyewe, ndo maana mtoto aonwe na mtaalamu sio fundi wa vimeo, lakini likiwa la streptokoki ukaliwahi, moyo unapona salama. Na hata ukishaguswa kidogo bado kuna nafasi. Uganda kule Gulu walichukua watoto 818 ambao ugonjwa umeonekana kwenye kipimo tu, wenyewe hawajisikii chochote, nusu wakachomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili na nusu hawakuchomwa. Majibu yalitoka 2021, kwa waliochomwa hali ilizidi kwa watoto 3, kwa wasiochomwa 33. Jirani zetu hao, sio Ulaya.

Njoo sasa zahanati yetu, dogo naye anapochomwa hiyohiyo. Dawa nzito kama uji, sindano inaziba, mtoto anaanza kulia tangu getini na atachechemea siku mbili, umembembeleza umemnunulia na soda, mnafika mnaambiwa imeisha njooni wiki ijayo. Huyo mtoto utamrudisha na lugha gani?

Jamani sichukii mbio za hisani. Kenya wana mbio za Hospitali ya Mater, Mater Heart Run, tangu 1994 na watoto wa wasiojiweza wamefanyiwa upasuaji kwa hela hizo, na sisi tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Mungu awalipe. Hata mimi nimeshakimbia (nimetembea, tuseme ukweli) na tisheti nyekundu ninayo kabatini. Ila ukiwekewa valvu ya chuma ni wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote na kupimwa damu kila mara, na kwa binti siku akishika mimba hiyo ni shughuli nyingine kabisa. Kwa nini tuchangie kisu tu, sindano tusiichangie?

Naomba waandaaji watoe fungu hata dogo zahanati zisikaukiwe. Na pale mgongoni mwa tisheti panapojazwa nembo za wadhamini wabakize mstari mmoja uandikwe mtoto akiumwa koo apelekwe hospitali, asikatwe kimeo.

Sindano ya dogo inayofuata ni Alhamisi. Nimepiga simu kuuliza kama ipo, nimejibiwa njoo tu utajulia hukuhuku.

Msomaji wenu, Tanga