Kwa mdogo wangu aliye Doha: ukumbusho wa Baba tunaleta bendi

Mdogo wangu,

Ujumbe wa sauti ulionitumia Jumapili nimeusikiliza mara nne. Unasema kwenye ukumbusho wa Baba mwezi wa Desemba dijei anatosha, bendi ni gharama, na nyimbo ni zile zile. Ningekujibu huko huko kwenye simu, lakini maneno mafupi yameshatuharibia mengi mimi na wewe. Nakuandikia hapa, wenye macho na wasome.

Nyimbo si zile zile. Unakumbuka santuri za Baba, wimbo wa benga, muziki wetu Waluo wa gitaa, ulivyokatwa katikati: dakika tatu hivi upande huu, kisha mtu anyanyuke ageuze, ndipo ije sehemu ya pili. Ulikuwa ukililia kugeuza wewe. Baba akisema wimbo wenyewe bado hatujausikia, hicho ni kipande tu kilichoenea kwenye sahani. Yeye alimfuata mwimbaji wa benga D.O. Misiani na bendi yake Shirati Jazz kwa basi na kwa miguu, na Misiani alipofariki kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu, Mei 2006, Mzee alikaa siku tatu bila kuwasha redio. Nilimuuliza, redio ina kosa gani? Akanijibu, "Redio haijawahi kuniona."

Wewe unajua alichomaanisha. Wasiotoka kwetu huenda hawajui pakruok, kujitaja na kusifiana katikati ya muziki. Tangu enzi za nyatiti, kinubi chetu, kabla gitaa halijafika, mtu hutoa pesa, mpigaji akasimamisha nyuzi zake nane, na aliyetoa akajitaja au akamtaja mwenzake: mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, wa mlima ule. Kisha muziki unarudi na nguvu kuliko ulivyoachwa. Watu wanadhani tunaenda kusikiliza bendi kwa sababu ya bia na kucheza. Kucheza kupo, na mimi napenda kucheza. Lakini kuna mtu amebeba mawe ya ujenzi wiki nzima, haitwi jina, anaitwa "wewe". Jumamosi usiku bendi nzima inanyamaza ili asikike yeye. Atakosaje kwenda?

Ndiyo maana usiku ule tulipompeleka Baba kwenye bendi, Kondele hapa Kisumu, haunitoki.

Baba alikuwa ametoka kusafishwa damu jana yake. Tulimketisha karibu na spika ya besi kwa sababu masikio yalikuwa yamechoka, na besi alikuwa akiipokea kwa kifua. Aliweka kiganja hapa chini ya shingo akafumba macho. Nilifurahi kukuona ukienda mbele na noti zako, nisiseme uongo. Ngoma za ohangla zikashuka, orutu, ile fidla ya uzi mmoja, ikabaki ikilia peke yake. Ukamtaja Baba. Ukajitaja, wuod, mwana wa nani, uliyepanda ndege kuja kumwona mzazi. Ukawataja rafiki zako wawili wa huko Doha. Ukamtaja hata dereva wa tuktuk aliyetuleta. Mimi nimesimama nyuma ya kiti, mkoba wa dawa begani, koti la Baba mkononi, nangoja neno moja tu: nyar. Binti wa huyo huyo uliyemtaja.

Ngoma zikarudi.

Uliniambia baadaye kelele zilikuwa nyingi, ukasahau. Dereva hukumsahau. Miaka miwili, mara mbili kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri niko barabarani nimemshika mkono, na nyumbani kwangu nimeacha watoto hawajaoga. Sikufanya hivyo ili nisifiwe. Ningefanya vile vile hata kama hakuna bendi duniani. Lakini mbele ya watu wote wale Baba alitokea kuwa na mtoto mmoja, na yeye alikuwa ameketi pale akisikia.

Februari akatuacha. Ukataka bendi kwenye matanga, nikakataa. Nilisema bili ya mochari haijalipwa, na kweli ilikuwa haijalipwa, risiti ninazo, nilikutumia. Ukaniita mchoyo kwenye kikundi cha familia mbele ya shangazi zetu. Mtu anayehesabu shilingi za mochari si mchoyo, mtu huyo ndiye aliyebaki nyumbani. Lakini nitasema na hili, kwa kuwa limenikaa: bili isingekuwepo, bado ningekataa. Sikutaka kusimama tena nyuma ya kiti.

Kwa hiyo tulikodi spika na kompyuta. Ule wimbo wake ulipigwa. Wazee wawili waliocheza naye ujanani walitoka wakasogea mbele, mmoja ameshika noti, wakasimama wakingoja muziki ushuke ili wamtaje rafiki yao. Haukushuka. Kijana wa kompyuta alikuwa anaangalia simu. Wazee walisimama mpaka wimbo ukaisha, ukaingia mwingine wa watu wengine, wakarudi kukaa. Yule wa noti aliikunja akairudisha mfukoni. Wewe ulikuwa unapokea wageni getini, hukuona. Mimi niliona, na hilo nimelibeba peke yangu tangu siku ile.

Basi usiniambie dijei.

Kianzio nimeshalipa mimi, kutoka pesa za chama. Wewe lipia jenereta, na hakikisha wapigaji wanakula kabla ya saa mbili, wapigaji wenye njaa hukimbiza wimbo. Wale wazee wawili nitawatumia gari. Wataanza wao. Halafu nitaingia mimi, na noti zangu mwenyewe, nijitaje kwa mdomo wangu. Nikimaliza nitakutaja na wewe, kwa sababu wewe ni ndugu yangu na siwezi kukuruka.

Mpiga gitaa ameomba nyuzi, za hapa zinakatika upesi. Kama mzigo wako una nafasi, leta seti mbili.

Dadako