Barua ya wazi kwa Waziri wa Sanaa: kijana wa Tandale naye ashike gita

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni, Sanaa na Michezo,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu jambo ninaloliona kila siku kazini, ila silisikii kwenye hotuba za sekta yetu: katika jiji hili, nani anapata kushika ala ya muziki na nani hapati.

Mimi ni mpiga besi. Nimekulia kwenye muziki wa dansi, naishi Magomeni, na mchana mara nyingi niko kwenye studio za vijana Tandale na Manzese, maana siku hizi wananiita niwawekee besi kwenye ngoma zao. Studio yenyewe ni chumba kimoja cha kupanga. Ukutani wamegongelea trei za mayai na vipande vya magodoro, maikrofoni imevishwa soksi, kompyuta iko juu ya meza ya plastiki. Ikifika saa ya kuingiza sauti feni inazimwa, mlango unafungwa, jirani anaombwa apunguze redio, na kila mtu anaomba Mungu umeme wa Luku usikate kabla mwimbaji hajamaliza ubeti. Anayetengeneza biti anagonga ngoma kwa vidole viwili kwenye kibodi ya kawaida ya kuandikia. Singeli, muziki wao wa kasi, inapita mapigo 200 kwa dakika, naye anagonga bila kuteleza. Nimepiga na wapiga tumba wakubwa wa mji huu, na kijana yule angekaa nao jukwaa moja bila aibu.

Siku moja nilipotoa gita kwenye mfuko, chumba kizima kilinyamaza. Mmoja akaniuliza kama anaweza kuligusa tu. Huyo nyimbo zake zinapigwa kwenye bajaji na vigodoro, yaani ngoma za usiku za mtaani, mpaka Mbagala, lakini alikuwa hajawahi kushika gita maishani. Nilimwonyesha noti tatu, akazirudia mpaka vidole vikawa vyekundu, na hakutaka kuliachia.

Mheshimiwa, mtoto wa rika lake pale Masaki anasoma piano shuleni, na wazazi wake wanalipia. Sina kinyongo na mtoto yule, asome na afike mbali. Wala sisemi singeli ina upungufu. Ni muziki uliozaliwa uswahilini, ukabeba vipande vya taarabu na mchiriku wa vinanda vya Casio, ukafika majukwaa ya Ulaya kwa nguvu za vijana wenyewe. Ila kijana akishika kompyuta kwa sababu ndiyo pekee aliyoweza kuifikia, hapo umaskini ndio umemchagulia sauti, na hilo linaniuma.

Haikuwa hivi siku zote. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo pale Ubungo, na Mlimani Park Orchestra ya mwaka 1978 ikaja kuwa mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi, Magereza na JKT nao walikuwa na bendi zao. Mwenye vyombo alikuwa taasisi. Kijana aliyeshuka kutoka Tanga au Morogoro na kipaji chake tu aliajiriwa, akakabidhiwa gita, akalipwa mshahara, akakaa miaka nyuma ya wakubwa akijifunza solo la kwanza linaachia wapi na la pili linadakia wapi. Na ukumbini, DDC Kariakoo au Amana, karani, kuli wa bandarini na ofisa wa wizara walicheza kwenye sakafu moja.

Siombi turudi huko. Bendi zile ziliimba sana yale ambayo wenye vyombo walitaka kuyasikia, na mwanamuziki aliyekorofishana na uongozi aliondoka mikono mitupu. Lakini mlango ulikuwepo, na asiye na kitu aliingia. Mashirika yalipobinafsishwa au kufilisika, mlango ule ulifungwa na hatukufungua mwingine. Leo anayetaka gita anunue mwenyewe, na nyuzi anunue mwenyewe. Nyuzi za besi tunazichemsha kwenye sufuria ili zitoe jasho na uchafu, zipate kulia tena wiki chache. Wapiga besi wengi wanaijua kazi hiyo. Sasa kijana anayeishi kwa kubeba mizigo Kariakoo nimshauri nini? Uzi ukikatika atachagua kati ya uzi na nauli.

Kuhusu kumbi nitasema kidogo. Muziki wa bendi wa mwisho wa wiki sasa umehamia kwenye hoteli na baa za watu wenye kipato, na kijana wa mtaani hafiki hata mlangoni. Kwao kilichobaki ni kigodoro, na kigodoro kinavunjwa na polisi. Sitetei matusi, wala kelele za saa tisa usiku wakati kuna mgonjwa nyumba ya pili. Nauliza tu, tukishawafukuza pale, tumewaelekeza waende wapi?

Ninaloliomba zaidi linahusu walimu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa elimu ya amali, yaani wa kufundisha ujuzi wa kazi, na muziki umo. Nilifurahi sana. Lakini darasani atasimama nani, na ameshika nini? Wazee wanaojua kusuka magita matatu mpaka yakalia kama kitu kimoja wako hapahapa, Sinza, Temeke, Ilala, wengi wao wamekaa nyumbani. Vyeti hawana. Tunapomzika mmoja wao pale makaburi ya Kinondoni, tunazika na mkono wake, kwa sababu hakuna aliyeachiwa. Serikali kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari inarasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mwashi, seremala na mpishi waliojifunzia kazini wanapimwa na kupewa cheti. Kaa na mwenzako wa Elimu, mpiga solo, mpuliza saksafoni na mpiga tumba nao waingizwe kwenye mpango huo, wapimwe, kisha waruhusiwe kufundisha na kulipwa.

Pia ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, na kati yake 4 ni ya vijana. Kikundi ninachokifahamu kilipeleka andiko la kununua vyombo vya kupigia kwenye harusi, kikajibiwa kwamba muziki si mradi. Bodaboda ni mradi, kuku ni mradi. Harusi za Dar es Salaam zinafungwa kila wiki, na anayepiga pale analipwa. Tunaomba utoke waraka wa wazi kwa maofisa maendeleo ya jamii kwamba vyombo vya muziki ni vitendea kazi kama cherehani.

Na kila wilaya, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, itengewe chumba kimoja tu cha mazoezi chenye drams, magita mawili, besi, kinanda na mtu wa kuvitunza. Mwenye studio ya trei za mayai aje na kompyuta yake, akae na mzee wa solo, tuone kitazaliwa nini. Mimi natamani sana kuisikia singeli iliyosukwa na magita ya kwetu.

Nimeshazungumza na wenzangu wa solo, tumba na tarumbeta. Wako tayari kuanza na wilaya yoyote utakayoitaja, Jumamosi asubuhi, na miezi ya mwanzo hatutadai posho. Tunachohitaji kutoka ofisini kwako ni barua ya kutukabidhi chumba, na jina la ofisa tutakayefanya naye kazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpiga besi wa Magomeni,
Dar es Salaam